Mpaka Waache Kukuletea Soda

Mwezi huu bahasha zangu zimejaa masanduku ya safari. Wasomaji watatu wanaondoka au wanaondokewa, na nimeamua kuwaweka pamoja. Barua ya kwanza nimeipunguza, maana ilikuwa kurasa sita za daftari, na mwenyewe ameshaanza kuwa na mwandiko wa watu wa hospitali.

Wiki saba nizigaweje?

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni binti wa miaka 26. Nyumbani ni Old Moshi, Kidia, ila napanga chumba Pasua kwa sababu nauza duka la dawa mjini. Tarehe 27 Septemba napanda ndege KIA kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, miaka mitatu. Nimepambana na Kijerumani mwaka na nusu, viza nimepata, tiketi ninayo. Nimebakiza wiki saba, na hizo ndizo zinazonitoa machozi.*

*Kwanza, sisi kwetu tunakutana Desemba. Baba mkubwa yuko Kahama, mashangazi wako Dar na Mwanza, na wote wananiambia "ungengoja Krismasi". Chuo hakingoji. Sasa kila mmoja anataka niende kwake kumuaga. Nikizunguka kote wiki tatu zimekwisha njiani.*

*Pili, binamu zangu wameunda kamati. Kundi la WhatsApp lina watu 84. Kuna ukumbi, ndafu, sare, na bajeti imefika milioni tatu na laki mbili. Mimi sikuomba. Nikikataa nitaambiwa hata sijaondoka nimeshaanza kuringa.*

*Tatu, Mama. Kila Jumamosi nikipanda nyumbani ananichinjia kuku, ananiagizia soda, ananiambia nikae. Nikishika ufagio ananinyang'anya. Nafika saa nne, naondoka saa kumi, nimeshiba, na hatujaongea kitu. Nikishuka na bodaboda nalia mpaka Kiboriloni.*

*Nne, Baba. Habari ya safari yangu aliisikia kwa jirani, msibani, kabla sijamwambia mwenyewe. Nilikuwa nangoja viza nisije nikaaibika. Tangu Aprili ananijibu salamu, kisha anachukua panga anaingia shambani. Na Babu, ana miaka 88, alipoambiwa naenda Ujerumani aliuliza jambo moja tu: "Kichwa cha Mangi kiko wapi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.*

*Shangazi, hizi wiki saba nizigaweje?*

*Mwenye Begi Moja, Pasua*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hiyo soda, maana umeipitia haraka kama vile ni jambo dogo.

Mimi niliondoka mwaka 1994, kwenda Uingereza, kutoka Uru. Mama yangu alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza, na hiyo mbege ndiyo iliyonisomesha. Wiki zangu mbili za mwisho nilizimalizia sebuleni, kwenye kile kiti chenye kitambaa cha kufuma ambacho sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kukikalia. Nikiingia tu mtoto anatumwa dukani: "Mkaletee dada soda." Nikitaka kwenda jikoni naambiwa utanuka moshi. Siku ya kuniaga alikuja mpiga picha na filamu moja ya picha 36. Zilitoka 31, ninazo hadi leo, na katika zote nimesimama nyuma ya keki. Hakuna hata moja yenye pipa, hakuna yenye ulezi umeanikwa juani, hakuna yenye mkono wa Mama.

Mama alifariki mwaka 2002, nikapata habari kwa simu ya kazini, na sikuwahi mazishi. Niliporudi nyumbani, mke wa mdogo wangu, ambaye alikuwa amerithi pipa na wateja, aliniuliza kwa heshima kabisa: "Wifi, Mama alikuwa anaweka maji ya msesewe kiasi gani?" Msesewe ni gome la mti linalotia mbege uchungu. Mimi ni kifungua mimba, walijua nitajua. Nilijua ndizi zinachemshwa, zinaachwa, zinachujwa. Nilijua ulezi unaoteshwa ndipo usagwe. Ule uchungu wa msesewe, ambao ukizidi mbege haiuziki na ukipungua wazee wanakutania, sikujua kipimo chake. Aliyejua ni mdogo wangu wa mwisho, mvulana, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumletea soda. Alikuwa akitumwa. Kipimo kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai, kimoja na nusu kwa pipa.

Kwa hiyo shida yako si wiki saba. Nyumbani kwenu umeshakuwa mgeni kabla hujaondoka, na mgeni hata ukimpa mwaka mzima atauona ukumbi tu.

Mama yako hana kosa. Anachinja kuku kwa sababu hana njia nyingine ya kusema anachotaka kusema, na saa sita za Jumamosi zinatosha kuku na hazitoshi kingine. Acha kwenda kumtembelea. Hamia. Kazini aga mwisho wa Agosti, usisubiri mpaka wiki ya safari kama wengi wanavyofanya kwa kutamani mshahara wa nusu mwezi. Chumba cha Pasua kirudishe. Tarehe 1 Septemba panda Kidia na vitu vyako vyote, na nguo za kazi juu ya begi zionekane. Usibebe zawadi. Beba sabuni, sukari, chumvi, kama mtu anayerudi kwake.

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje upewe. Siku mbili za kwanza utakula kuku, vumilia. Siku ya tatu amka kabla ya Mama, uwashe moto. Atanung'unika. Siku ya nne atakuwa amechoka kunung'unika. Ukifika siku ya sita au ya saba atakuita kwa sauti ileile aliyokuwa akikuitia ukiwa darasa la tano, atakutuma kitu, na hatasema tafadhali. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na wala hutayaona yakianza, kwa sababu mtakuwa mnamenya ndizi za mtori. Mtu akimenya ndizi macho yako kwenye kisu, na mdomo unabaki bure. Mimi habari za ndoa ya wazazi wangu ningezipata hapo, kama ningekuwepo.

Sasa Baba.

Najua unadhani amekasirikia Ujerumani, au anataka uolewe kwanza. Soma tena barua yako. Mzee amekaa msibani, wenzake wanamzunguka, jirani anamwambia "hongera, naona binti anaenda Ulaya", na yeye inabidi aitikie kama anajua. Ameitikia. Hicho ndicho kinachomkaa kooni tangu Aprili. Ulikuwa na sababu zako, na mimi nazielewa, lakini kosa ni lako.

Bahati yako ni msimu. Agosti na Septemba kahawa inaiva, na kama Baba yako ni wa makamo yangu hatakuwa na vijana wa kuchuma. Wote wako mjini wanaendesha bodaboda. Ingia shambani naye. Usiombe ruhusa, chukua ndoo. Mtasimama pande mbili za mbuni mmoja, yeye kule, wewe huku, majani katikati, na mikono ina kazi ya kuchagua nyekundu na kuacha kijani. Sijaona mahali bora pa kumwambia baba jambo gumu. Hamtazamani. Siku ya kwanza usiseme kitu. Siku ya pili au ya tatu sema sentensi moja: "Baba, nilikosa. Ulistahili kuisikia kwangu." Ishia hapo. Usieleze habari ya viza, usilie, usimpe sababu ya kukubembeleza. Endelea kuchuma.

Huenda asijibu. Wazee wetu hawana neno jepesi la kusema nimekusamehe. Angalia ndoo. Jioni mkishuka kwenye mashine ya kukobolea, akikupa ndoo yake uibebe pamoja na yako, mambo yamekwisha. Ikifika wiki ya pili na bado anabeba ndoo yake mwenyewe, nenda kwa baba mdogo wako au mzee mwingine anayeheshimiwa, umweleze, achukue isale aende kwa niaba yako. Wasomaji wa mbali, isale ni lile jani tunalopandia mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na Mchaga akiletewa isale na aliyemkosea si rahisi kulikataa. Lakini usianze na isale. Ukianza nalo umefanya kesi, na ukishafanya kesi lazima akae kama hakimu.

Babu yako ndiye amenifanya niweke kalamu chini kwanza. Waliocheka hawakumsikia. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani waliokuwa wakitawala, hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake. Wazee wanaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Na ni kilima hicho hicho ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuja na Biblia, ambayo nina hakika Babu yako anaisoma kila jioni. Mzee wa miaka 88 ana mambo hayo mawili kifuani kwa pamoja, na mjukuu wake anaenda huko kuwaosha na kuwalisha wagonjwa wao. Ameuliza swali la mtu mwenye akili timamu.

Huna jibu, na si lazima uwe nalo. Keti naye. Washa simu urekodi, umwambie kwamba unarekodi, kisha umwache aseme. Muulize alisikia wapi habari za Mangi, nani alimsimulia, mti ulikuwa wapi. Ukishamaliza ya Mangi muulize ya kwenu: majina ya mababu nyuma kadiri anavyokumbuka, nani amezikwa wapi ndani ya kihamba, mfongo, ule mfereji wa maji, ulikuwa unapita wapi kabla ya bomba, masale ya mpaka na jirani yalipandwa na nani. Haya mambo yanaonekana ya kizee mpaka siku ugomvi wa mpaka unapoanza na aliyekuwa anajua yuko chini ya mgomba. Rekodi zitume kwa mtu mwingine pia, usiziache kwenye simu moja. Simu zinaibiwa Moshi na Ujerumani vilevile.

Kuhusu ndugu wa mbali, nina sheria moja: wenye miguu watakufuata, wewe nenda kwa wasio na miguu. Shangazi wa Dar akipanda basi alfajiri, jioni yuko Moshi. Akikutaka kweli utamwona. Asipokuja mpigie, ongea naye saa nzima, inatosha. Kama kuna bibi mzaa mama huko Rombo au Mwika, kama kuna mjomba amelala kitandani, huyo ndiye umfuate, ulale usiku mmoja, na usiwe na haraka asubuhi. Baba mkubwa wa Kahama mwandikie barua ya mkono. Utashangaa. Mzee anayepata barua ya mkono siku hizi anaipeleka kanisani kuonyesha watu.

Na hiyo kamati usiivunje. Kamati hazivunjiki, zinahama tu. Waambie unashukuru, na ombi lako ni kwamba iwe nyumbani, Jumapili baada ya ibada, chini ya migomba, mbuzi mmoja, mbege ya Mama, watu waje na viti vyao. Ukumbi na sare watoe. Babu hawezi kushuka mpaka ukumbini mjini, hiyo ni sababu ambayo hakuna binamu atakayeipinga. Kitakachobaki kwenye mchango waambie wakupe mkononi, bila aibu, na uwaeleze kwa nini: posho ya mwanafunzi wa uuguzi kule mara nyingi inazidi euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato, inaingia baada ya kufanya kazi, na wewe unafika mwanzoni mwa baridi unahitaji koti, viatu na dhamana ya chumba. Ukisema hivyo umefanya kazi mbili, kwa sababu watu 84 watajua mapema kwamba hutakuwa na milioni za kutuma Novemba.

Jambo moja nakusihi. Siku hiyo ukipewa kipaza sauti, usiahidi kitu. Si ada ya mtoto wa mtu, si bati, si simu. Mimi mwaka 1994 niliahidi mashine ya kusaga, kwa furaha tu, watu walipiga makofi, na nilikuja kuilipa mwaka 1999. Miaka mitano kila barua ya nyumbani ilimalizia na mashine. Ukishuka kwenye kipaza sauti, kaa na Mama na Baba peke yenu, mkubaliane kiasi kidogo ambacho hata ukiugua utaweza, na kianze Januari.

Mkubaliane na saa pia. Ukifika, Ujerumani itakuwa nyuma yetu kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, basi zinakuwa mbili, mpaka mwisho wa Machi. Waeleze hilo kabla hujaondoka, la sivyo mwezi wa kwanza tu Mama atakaa na simu mkononi saa nzima akidhani umepata ajali. Na laini yako ya hapa usiitupe. Isipotumika muda mrefu itafungwa, na huko ndiko pesa zako na namba yako ya benki zilikofungamana. Vyeti, kitambulisho cha NIDA, mkataba wa chuo, vyote toa nakala umwachie mtu anayejua kutunza karatasi. Kila ukoo una mmoja. Mara nyingi si yule anayejitolea.

Kwenye KIA wasiende wote. Coaster nzima ya watu wanaolia barabarani halafu wanaachwa mlangoni, kwa sababu ndani haruhusiwi asiye na tiketi, hiyo ni adhabu. Agana nyumbani, asubuhi, kila mtu na kazi yake mkononi. Wa kukusindikiza wawe wawili. Kama Baba atasema anakuja, mpishe akae mbele kwa dereva.

Mjukuu atalala, mama aondoke?

*Habari za kazi dada yangu. Mimi ni mama wa miaka 51, Ngaramtoni, Arusha. Binti yangu amepata mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani Oman. Anamwachia mimi mtoto wake wa miaka minne. Amepanga kuondoka usiku mtoto amelala ili asimwone akilia. Mimi moyo unakataa lakini sijui niseme nini, na mtoto tumwambieje?*

*Bibi wa Ngaramtoni*

Mdogo wangu, moyo wako uko sawa. Asiondoke usiku.

Jirani yangu hapa Rau aliachiwa hivyo hivyo mjukuu wa umri huo. Kulia mtoto alilia siku tatu tu, yakaisha. Lakini kwa miezi mitatu alikataa kulala mchana, na usiku akishtuka anatembea gizani kumshika bibi yake mguu, kuhakikisha yupo. Alikuwa amejifunza kwamba ukilala watu wanaondoka. Kilio cha mchana, mbele ya mama, kinaisha. Hicho kingine kinaingia kwenye usingizi.

Mwambieni wiki moja kabla, si mwezi, mwezi kwake ni kama kesho kutwa ya mbali. Aambiwe na mama mwenyewe. Miaka miwili hawezi kuihesabu, ila shamba lenu la mahindi analiona. Mwonyesheni: mahindi yatapandwa, tutavuna, yatapandwa tena, tutavuna, mama anakuja. Ataanza kuuliza kila siku kama mahindi yameiva. Mjibu kila siku.

Halafu kuanzia leo, binti yako akiwa bado yupo, wewe ndiye umwogeshe mtoto, wewe ndiye umlaze. Mama yake akae pembeni, hata kama inamuuma. Mtoto akishaona mikono imebadilika na mama bado yupo, siku mama atakapotoka atapoteza kitu kimoja badala ya viwili. Akiondoka aache kanga moja aliyoivaa, isifuliwe.

Asimwahidi simu ya kila siku. Kwenye nyumba za watu simu ina saa zake, na hajui atakuta mwajiri wa namna gani. Aseme Ijumaa jioni. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, mkumbuke hilo. Akiweza siku nyingine, iwe bonasi.

Na wewe, kabla hajaondoka, shika nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, namba ya wakala, na jina na namba ya mwajiri. Kama wakala hataki kutoa hivyo vitu, au hajasajiliwa serikalini, hapo safari isimame mpaka ajieleze. Tuna ubalozi Muscat. Namba yake iandikwe ukutani karibu na kalenda. Sikutishi. Wengi wanaenda na kurudi salama na viwanja wananunua. Ila mwenye karatasi husikilizwa haraka kuliko mwenye machozi.

Mama amenifungia nyama kavu

*Shangazi shikamoo. Naenda Uholanzi kusoma shahada ya pili. Mama yangu ameanza kufunga: nyama kavu, samli chupa mbili, parachichi za nyumbani, dagaa, asali, ndizi. Nimemwambia nitakamatwa anasema naona haya chakula cha kwetu. Nisaidie.*

*Kijana wa Majengo, Moshi*

Marahaba. Mpe Mama gazeti asome mwenyewe, nitamwambia mimi.

Shikamoo Mama. Mwanao haoni haya. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala kitu cha maziwa, hata kidogo, hata kikiwa kikavu namna gani. Nyama na samli vitatupwa kwenye pipa mbele ya macho yake, na huenda akatozwa faini juu. Nakuomba samli hiyo uibakize. Kama huna wa kuila mimi niko Rau.

Dagaa wanaruhusiwa, mpaka kilo 20, ingawa nahurumia nguo zake na abiria wenzake. Wafunge mara tatu. Asali inaruhusiwa, isizidi kilo mbili. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea, na parachichi ni mojawapo. Lakini yako matano yasiyodaiwa cheti: nanasi, nazi, tende, duriani, na ndizi.

Umeona hapo mwisho? Ndizi, Mama. Mkungu mzima hautaingia, maana ndege nyingi zinampa kilo 23 na yeye ana vitabu na viatu. Chagua vichana viwili ambavyo havijaiva, uvizungushie magazeti, uviweke katikati ya masweta. Na parachichi muende nazo KIA mkazile hapo nje kabla hajaingia ndani kukaguliwa. Bebeni chumvi na kijiko.